Jinsi ya kuendesha simulesheni ya dharura za uzazi na za watoto kwa wanafunzi wa afya, hatua kwa hatua

Wakufunzi wenzangu, na nyie wanafunzi mnaojipangia mazoezi wenyewe jioni, hii ni yenu. Mwanafunzi anaweza akakutajia visababishi vinne vya mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua bila hata kuangalia daftari, mtihani akapata zote, alafu siku anakutana na damu yenyewe inachuruzika mpaka sakafuni anabaki amesimama na glavu moja mkononi hajui aanze na lipi. Mjinga siye, mvivu siye, hajawahi kufanya tu. Na damu haimsubiri, maana mwisho wa mimba damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi ni karibu nusu lita au zaidi kwa kila dakika moja, kwa hiyo dakika tano za kubabaika ni nyingi sana.

Simulesheni ni kuigiza hiyo dharura kabla haijamkuta, kwa vifaa vyenyewe, kwa saa halisi inayotembea, na mtu au doli analala kitandani kama mgonjwa, alafu baadae mnakaa chini mnaongea kilichotokea. Sio jambo la juzi hili. Ufaransa ya karne ya 18 kulikuwa na mkunga Angélique du Coudray, mfalme Louis XV alimpa kibali mwaka 1759 azunguke nchi nzima kufundisha wakunga, na alikuwa anatembea na nyonga ya kitambaa na ngozi aliyoitengeneza mwenyewe pamoja na mtoto wa kitambaa wa kumzalisha. Kitambaa! Kwa hiyo mtu akikwambia chuo chenu hakiwezi kufanya simulesheni mpaka lije doli la kompyuta linalopepesa macho, usikubali.

Kitu kimoja nataka mkikamate kabla ya hatua zenyewe, maana ndo msingi wa yote nitakayosema: fupi na mara kwa mara inashinda ndefu ya mara moja. Hospitali ya Haydom kule Tanzania walilipima hili. Walifundisha wafanyakazi wao siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua kwa kutumia programu ya Helping Babies Breathe iliyoanza 2010, na utafiti wao uliotoka 2013 ulionyesha kwamba kwenye doli watu walikuwa wazuri zaidi ila leba kwenyewe, kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Baadae wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na utafiti uliotoka 2015 ukaonyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vimepungua. Programu ile ile, hospitali ile ile. Kwa hiyo ukisoma hatua zinazofuata usifikirie semina ya siku tatu yenye mabango, fikiria nusu saa ya kila wiki.

Hatua ya 1: Chagua dharura moja tu na uandike lengo lake

Moja. Usichanganye kifafa cha mimba na kutokwa damu na mtoto asiyepumua kwenye zoezi moja eti kwa sababu maishani vinaweza kutokea pamoja, hayo ni ya timu iliyoiva. Lengo liwe kitu unachoweza kukiona kwa macho na kukipima kwa saa. "Mwanafunzi aelewe kutokwa damu" sio lengo, huwezi kuliona. "Ndani ya dakika moja aite msaada na aanze kukanda mfuko wa uzazi" hilo ni lengo, unaliona. Malengo mawili au matatu yanatosha, yakizidi hapo hamtapata muda wa kuyajadili.

Mimi nashauri wote waanze na damu baada ya kujifungua, kwa sababu ni moja ya visababishi vikubwa kabisa vya vifo vya akina mama wa uzazi duniani, na kwa sababu inahitaji timu, mtu mmoja hawezi. Huo ndo mfano nitakaoufuata mpaka mwisho, nyingine nitazigusa mbele.

Hatua ya 2: Andaa vifaa, na hapa usiwe na haraka

Kama chuo kina doli la kuzalishia au lile la kuvaa tumboni lenye mfuko wa damu, vizuri, litumie. Kama hakuna, mtu halisi ni bora kuliko doli bovu, kwa sababu mtu anaongea, analalamika, anaogopa, na mwanafunzi analazimika kumjibu. Mlaze mwenzenu kitandani amevaa nguo zake na juu gauni la wodini. Chukua mfuko wa dripu mtupu wa lita moja, ujaze maji yenye rangi nyekundu ya chakula na wanga kidogo ili uzito ukaribie wa damu, uuweke ubavuni kwake chini ya shuka, mrija utokee katikati ya mapaja juu ya karatasi ya nailoni. Kile kibano cha kwenye mrija ndo kila kitu: ukikifungua mama anatoka damu, ukikibana amepona. Anayeigiza mama akishike mwenyewe mkononi chini ya shuka, na mkubaliane ishara kabisa, kwa mfano ukijigusa sikio afungue zaidi, ukishika kalamu abane. Jaribu rangi kwenye kitambaa kibovu kwanza, kuna rangi hazitoki kwenye shuka.

Mfuko wa uzazi tumia sifongo laini lililofungwa kwenye kitambaa, liweke tumboni chini ya nguo: huo umelegea. Mpira mgumu wa saizi ya tikiti dogo: huo umekaza. Mwanafunzi akishakanda vya kutosha na dawa imeingia, msaidizi wako anabadilisha kimoja kwa kingine kwa siri. Mikono yao lazima ijue tofauti hiyo, maneno peke yake hayatoshi.

Vingine vyote viwe vya kweli: glavu, kanula (kamrija ka kuingiza kwenye mshipa), mirija ya dripu, katheta ya mkojo, mashine ya presha, mabomba ya sindano, ampuli (vichupa vya dawa za sindano). Kanula sasa isimwingie mtu, funga mkono wa bandia au kipande cha mrija juu ya mkono wake ndo wachome humo. Dawa tumia ampuli tupu ulizozijaza maji au chupa zenye maji, na kila moja ibandikwe karatasi kubwa MAZOEZI TU, SI YA BINADAMU. Hili nalisema kwa uzito kabisa, dawa ya maigizo ikipotelea kwenye trei la wodini ni hatari kuliko faida yote ya zoezi.

Kabla hamjaanza zoezi lenyewe, fanyeni hiki kimoja pembeni. Pima ml 300, ml 500 na lita moja ya ile damu ya bandia, moja imwage kwenye pedi, nyingine kwenye shuka, nyingine sakafuni, waambie kila mtu aandike anadhani ni kiasi gani. Utashangaa. Macho yanapunguza, na damu inavyozidi kuwa nyingi ndo yanazidi kupunguza. Hapo utakuwa umewaonyesha bila hotuba kwa nini ule mfuko wa plastiki wenye mistari ya kipimo unaowekwa chini ya mama una maana. Utafiti mkubwa wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulianzia hapo hapo, kugundua mapema kwa mfuko wa kipimo, alafu matibabu yote yaje kwa pamoja badala ya moja moja kwa kusubiriana, na matokeo mabaya kama kutokwa zaidi ya lita moja, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu au kufa kwa damu yakapungua kwa asilimia 60.

Hatua ya 3: Andika kisa na namba zake zote

Usiingie na kisa cha kichwani. Ukibuni presha papo kwa papo utajikuta umewapa mama mwenye presha nzuri na mapigo ya mtu anayekufa, wanafunzi wanachanganyikiwa na wana haki. Andika hivi:

Mama ana miaka 28, uzazi wa tatu, amejifungua dakika kumi zilizopita mtoto wa kilo 3.9, kondo limetoka. Analalamika "nesi, naona kama nimelowa sana." Mwanzo: presha 118/74, mapigo 92, damu kwenye mfuko wa kipimo ml 350 na inaendelea kutoka. Wasipofanya kitu mpaka dakika ya tatu: presha 104/62, mapigo 116, damu ml 600, anasema kizunguzungu. Dakika ya sita bado wanazubaa: presha 84/50, mapigo 136, damu zaidi ya lita, anaongea maneno yasiyoeleweka. Wakifanya yote yanayotakiwa: mfuko unakaza, damu inapungua, dakika ya kumi mapigo yanarudi 104.

Angalia hizo namba vizuri. Dakika ya tatu mapigo yameshaipita presha ya juu wakati presha yenyewe ukiitazama peke yake bado inadanganya kwamba mama yuko sawa. Wafundishe kulinganisha hizo namba mbili, mapigo yakiipita presha ya juu mama yule yuko kwenye hali mbaya hata kama anaongea na wewe.

Yanayotakiwa na wewe yaandike, ndo chekilisti yako: kuita msaada kwa sauti, kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, ile dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kwa kipimo cha mwongozo wenu wa matibabu, asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu 1 kwenye mshipa taratibu kwa dakika kama 10 na iwe ndani ya saa 3 tangu kujifungua, kanula kubwa na maji, kibofu kimwagwe mkojo, kukagua kondo kama limekamilika na njia ya uzazi kama imechanika, kupima presha na mapigo kila mara, na kupandisha taarifa kwa mkubwa. Ukishakuwa na kisa hiki badilisha kitu kimoja tu upate kisa kipya: mfuko mgumu kama jiwe lakini damu bado inatoka. Waliokariri wataendelea kukanda. Anayefikiri ataomba taa na ataangalia mchaniko.

Hatua ya 4: Gawa majukumu

Watu wanne mpaka sita ndani, wengine waangalizi. Mmoja kiongozi, na kiongozi mikono yake iwe wazi, anasimama miguuni mwa kitanda anaona wote, akianza kuchoma sindano yeye hakuna anayeongoza tena. Mmoja tumbo na damu, mmoja mshipa na dawa, mmoja anaandika muda na dawa zilizotoka, mmoja kichwani kwa mama anaongea nae. Huyu wa mwisho watu wanamuona kama hana kazi, mimi naona ana kazi kubwa tu, maana yeye ndo wa kwanza kujua mama ameanza kupotea.

Waangalizi usiwaache watazame kama wanaangalia mpira. Kila mmoja mpe kitu kimoja cha kufuatilia: wewe hesabu mara ngapi dawa imeagizwa bila mtu kutajwa jina, wewe andika dakika ambayo oksitosini imeingia, wewe msikilize mama kaambiwa nini.

Hatua ya 5: Ongea nao kabla

Dakika tano. Waonyeshe chumba, doli au mtu, kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi, dawa ziko wapi, simu ya kuigiza iko wapi. Waambie wazi kwamba hakuna maksi leo, na kwamba yanayotokea humu hayatoki nje kwenda kuwa masimulizi ya bwenini. Na uwaambie pia kwamba kama kuna mtu ana jambo lake, labda dada yake alifariki kwa uzazi, labda yeye mwenyewe alipoteza mtoto, anaruhusiwa kutoka muda wowote bila kuulizwa chochote mbele za watu. Hii usiiruke hata kama muda umebana. Kwenye darasa la afya watu wa namna hiyo wapo karibu kila mara, ni vile tu hawasemi.

Hatua ya 6: Endesha, na ukae kimya

Hapa ndo wakufunzi wengi tunashindwa, tunaona mwanafunzi anaelekea kukosea ulimi unawasha. Nyamaza. Toa presha pale tu anapoipima kweli, yaani amefunga ile mashine mkononi, akisema tu "napima presha" huku amekaa mkao wa kusoma gazeti usimpe namba. Dawa vilevile, lazima aivute kwenye bomba la sindano. Kuvuta dawa kunachukua muda, na huo muda ndo unataka auonje.

Sikiliza wanavyoongea. Ukisikia "jamani mtu aweke dripu," subiri uone, mara nyingi hakuna atakayeweka, kila mmoja anadhani ni mwenzake. Inatakiwa iwe hivi, tuseme anaitwa Asha:

"Asha, weka kanula kubwa mkono wa kushoto, uanze dripu."

"Kanula mkono wa kushoto na dripu, naweka."

"Kanula imeingia, dripu inakwenda, saa nne na dakika sita."

Agizo lina jina, linarudiwa, alafu linafungwa kwa taarifa kwamba tayari. Mara ya kwanza wataona aibu kuongea hivi, wacha waone aibu, wakirudia wanazoea.

Na simu kwa daktari pia iigizwe, mkufunzi mwingine akae chumba cha pili apokee. Sisi tuna heshima ya salamu na mwanafunzi akimpigia mkubwa anaanza na shikamoo, habari za kazi, samahani kukusumbua, huku mama anatoka damu. Mpe ruhusa ya kukata yote hayo: "Daktari, dharura leba. Mama wa uzazi wa tatu, kajifungua dakika kumi na tano zilizopita, katoka damu ml 700 na bado inatoka, mfuko umelegea. Presha 92 kwa 56, mapigo 124. Tunakanda, oksitosini na traneksamiki tumeshampa, dripu mbili zinakwenda. Naomba uje sasa hivi." Nani, nini kimetokea, umemkutaje, umefanya nini, unataka nini. Daktari wa kuigiza amuulize swali moja gumu, na akimaliza akae kimya, aone kama mwanafunzi atasema wazi "naomba uje" au ataishia kwenye "nilikuwa nakujulisha tu daktari."

Dakika 10 mpaka 12 zinatosha. Simamisha zoezi kabla ya muda kama kuna mtu anaumia kweli, na mkubaliane neno la kusimamisha ambalo halipo kwenye kisa.

Hatua ya 7: Mjadala wa baada

Kama huna muda wa mjadala basi usifanye zoezi. Naamini hivyo kabisa. Mjadala uchukue muda mara mbili ya zoezi, kwa hiyo zoezi la dakika kumi lina mjadala wa dakika ishirini, na mkae chini wote duara, mbali kidogo na kitanda, mkufunzi asisimame.

Anza kwa kuwaacha wapumue. "Mnajisikiaje?" Atatoka mmoja atasema mikono inatetemeka, mwingine atacheka, mwingine atasema "mwalimu tumemuua mama." Sikiliza wote, usianze kusahihisha hapo. Alafu mmoja aeleze kwa ufupi kilichotokea, ili mhakikishe wote mlikuwa kwenye kisa kimoja, utakuta wawili hawakujua kabisa kwamba damu ilishapita ml 500.

Ndipo uingie kwenye moja au mawili tu ya yale malengo yako. Namna ya kuuliza ina kazi kubwa. Ukisema "kwa nini hamkutoa traneksamiki?" umeshawafunga midomo, kila mtu atajitetea. Sema ulichoona, sema kinachokutia wasiwasi, alafu uliza kwa nia ya kujua: "Niliona traneksamiki imechomwa dakika ya tisa, mimi kinachonipa wasiwasi ni kwamba dawa hii kila inavyochelewa nguvu yake inapungua, hebu nisaidieni, nini kilikuwa kinaendelea vichwani mwenu muda ule?" Na majibu utakayopata ndo dhahabu yenyewe. Mmoja atasema alijua ila alidhani ni lazima aagize daktari. Mwingine atasema aliitafuta kwenye trei hakuiona. Mwingine atasema alisikia imeagizwa akajua imeshatolewa. Matatizo matatu tofauti kabisa, la kwanza ni la kanuni, la pili la mpangilio wa trei, la tatu la mawasiliano, na wewe ungekimbilia kuwasomea tena kipimo cha dawa ambacho wote walikuwa wanakijua.

Muda ulioandikwa na mwangalizi uweke mezani, usiutumie kumpiga mtu nao. Malizia kwa kila mtu kusema kitu kimoja atakachofanya tofauti, kwa sentensi moja.

Hatua ya 8: Rudieni palepale

Kisa kile kile, siku ile ile, watu wabadilishane nafasi. Wakiondoka na lile la kwanza tu wanaondoka wakikumbuka walivyoshindwa. La pili huwa fupi na safi zaidi, na wao wenyewe wanaona.

Visa vingine, na mahali pa kuweka mkazo

Kifafa cha mimba. Watu wanadhani ugumu ni degedege lenyewe, kumbe ugumu ni hesabu ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia hilo degedege, mikono ikiwa inatetemeka. Kwa hiyo wape ampuli za asilimia 50, kila ml 2 ina gramu 1, waambie watengeneze dozi ya kuanzia wenyewe huku mama "anatingishika" kitandani: gramu 4 ni ml 8, ongeza maji ya sindano ml 12 upate ml 20 za asilimia 20, ipite kwenye mshipa polepole, isiwe chini ya dakika 5. Alafu gramu 5 kila tako, yaani ml 10 za asilimia 50 pamoja na lignokeini, dawa ya ganzi, ml 1 ya asilimia 2 kwenye bomba hilo hilo. Hii ni kwa ule utaratibu wa sindano za msuli, kama mwongozo wenu unatumia dripu fuateni wenu. Kisa cha pili kiwe saa nne baadae, kabla ya dozi inayofuata: je, watapima goti kama linarusha, pumzi kama ni 16 au zaidi kwa dakika, mkojo kama ni angalau ml 30 kwa saa? Wape mama mwenye pumzi 10 uone nani anaichoma dozi kwa sababu tu muda umefika. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu ikimzidi mama, iwe kwenye trei, watafute wenyewe.

Mtoto mchanga asiyepumua. Hapa saa ni dakika moja, ndani yake awe amekaushwa, amefunikwa joto, amesuguliwa mgongo, na kama bado hapumui ambu (mfuko wenye maski wa kumpulizia hewa) iwe imeshaanza. Zoezi la mkono lifanyike peke yake kabla ya kisa: kidole gumba na cha shahada vinazunguka maski kama herufi C, vidole vitatu vilivyobaki vinainua taya kuja juu kwenye maski. Kosa linalojirudia ni kuigandamiza maski chini usoni, kichwa kinainama, njia ya hewa inajifunga, na mwanafunzi anaendelea kubonyeza kwa bidii huku kifua kimetulia tuli. Mwambie macho yawe kifuani muda wote. Kifua kisipopanda asiongeze kasi, arekebishe: kichwa, maski, mdomo una uchafu au umefunga, alafu abonyeze kwa nguvu zaidi kidogo. Ahesabu kwa sauti "moja, mbili, tatu", anabonyeza kwenye moja, itampa karibu pumzi 40 kwa dakika. Kama huna doli linalopanda kifua, funga mfuko mwepesi wa plastiki ndani ya mdoli wa kawaida uungane na mdomo, unatosha kuonyesha hewa imeingia au haijaingia.

Bega kukwama, yaani kichwa cha mtoto kimeshatoka ila bega limenasa. Fupi ila lifanyeni. Hospitali ya Southmead, Bristol, Uingereza, walipoanza kufundisha hili kwa mazoezi, watoto walioumia katika uzazi wa bega kukwama walishuka kutoka asilimia 9.3 mpaka 2.3, taarifa ya 2008. Mkazo: mtu mmoja aseme kwa sauti "bega limekwama", saa iandikwe, mapaja ya mama yakunjwe mpaka tumboni, mkandamizo uwe juu ya kinena na kamwe usiwe juu ya tumbo, na hakuna kuvuta shingo.

Mtoto mkubwa kidogo. Mpe kilo 12, anadegedeka, na mama yake analia mlangoni. Diazepamu ya njia ya haja kubwa mg 0.5 kwa kilo ni mg 6, kwenye ampuli ya mg 10 kwa ml 2 ni ml 1.2, sukari ipimwe, ikiwa chini glukosi ya asilimia 10 ml 5 kwa kilo ni ml 60. Hesabu zifanyike ubaoni kwa sauti na mtu wa pili ahakiki. Kwenye kisa cha mshtuko wa mzunguko wa damu kwa mtoto mwenye homa kali kuwa makini sana na maji, utafiti wa FEAST wa 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania uliona watoto waliomiminiwa maji mengi ya haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa, kwa hiyo usimpe hongera mwanafunzi aliyefungua dripu mpaka mwisho bila kuuliza huyu mtoto ana nini. Na mama wa mlangoni mtu aongee nae, "mama, mwanao tunaye hapa, dawa tumeshampa, simama hapa unaweza kumuona", maneno hayo nayo yako kwenye chekilisti.

Hatua ya 9: Ipeleke wodini

Mkishakuwa wepesi darasani, omba ruhusa kwa msimamizi wa wodi mfanye kisa kimoja kwenye leba yenyewe, kitanda kikiwa tupu na kazi ni chache, wanafunzi pamoja na wafanyakazi wa shifti ile. Wagonjwa waliopo waambiwe kabla kwamba ni mazoezi. Akija mgonjwa wa kweli mnaacha mara moja. Huku mtagundua mambo ambayo darasani hayapo: funguo ya kabati la dawa anayo mtu aliyeenda chakula, oksitosini iko friji ya chumba cha mwisho, mtungi wa oksijeni upo ila kifungulio hakipo, namba ya simu ya ukutani ni ya mtu aliyehama. Andika kila kimoja na dakika zilizopotea.

Mkimaliza, hesabu ampuli za mazoezi zilizoingia na zilizotoka, zilingane, na msiondoke wodini mpaka zilingane. Sindano zilizotumika kwenye boksi la vitu vyenye ncha. Orodha ya vilivyokosekana mpe msimamizi siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na zoezi la wiki inayofuata mlianze kwa kwenda kuangalia kama vimeshawekwa.